Jamaa wa Mgonjwa Tu

Muuguzi Saodat alikuwa ametoka kwenda kunywa chai, na Saodat hasahau sura ya mtu. Angerudi mapema, yote yangeharibika.

Mwanamke akashusha kitambaa hadi kwenye nyusi, akasukuma mlango ulioandikwa: MAJIBU NI KWA JAMAA WA MGONJWA TU.

"Assalamu alaikum, daktari. Naitwa Barno. Nimetoka Namangan kwa ajili ya dada yangu, Hulkar."

Daktari Ergashev, aliyehamia hospitali hiyo wiki mbili tu zilizopita, alifungua faili na kupitisha kidole juu ya majina.

"Walioandikishwa hapa ni mume na mama mkwe. Wewe sikuoni."

"Daktari, ukweni nao wamwandike dada mtu? Kwao sisi ni watu wa kuja kula pilau na kurudi makwetu."

Daktari alicheka. "Haya, keti. Karibu chai."

Mwanamke alipokea bakuli la chai kwa mkono wa kulia, akaliweka mezani bila kunywa. Alikuwa na hofu.

Kwetu mgonjwa ndiye wa mwisho kujua anaumwa nini. Mtaa mzima utajua, hata muuza mikate atajua, mwenyewe ataambiwa kaingiwa na baridi, na sisi tunaita huruma. Hulkar aliambiwa ni maziwa yamegandia ziwani. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, ambaye mtoto wake wa mwisho anaota ndevu!

"Niambie kweli," alisema. "Ni ule ugonjwa?"

"Ndio."

"Utaje."

Daktari alitazama mlango, kisha akapunguza sauti. "Saratani. Ziwa la kushoto."

Mwanamke akasogeza kiti karibu na meza. Kisha akachomoa karatasi kwenye mkono wa gauni. Maswali yalikuwa yameandikwa kwa penseli, mengine yamefutwa na kuandikwa upya.

"Imefika wapi?"

"Uvimbe ni wa sentimita tatu. Na tezi moja ya kwapani. Tunaita hatua ya pili."

"Kati ya ngapi?"

"Nne."

"Atakufa?"

"Wengi wa hatua hii hupona wakitibiwa mapema. Dawa za mshipani kwanza, zipunguze uvimbe. Halafu upasuaji, halafu mionzi. Nywele zitanyonyoka, lakini zitaota tena."

"Kwa nini basi hajaanza?"

Daktari akavua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Shemeji yako alikuja Jumanne. Wameamua kwao asiambiwe, na matibabu yangoje mwezi wa kumi. Kuna harusi ya mtoto wao mkubwa, si unajua. Anasema mama wa bwana harusi hawezi kukaa mbele ya wageni mia nne akiwa na kipara."

"Alisema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Huku analia, dada. Anampenda sana mkewe. Anasema mkewe ana moyo mwepesi, akilisikia tu jina la ugonjwa ataanguka chini."

Mwanamke alishika kiti kwa mikono miwili. Ilimuuma, na hasira ilipanda juu ya hofu lakini haikuifukuza.

"Na akingoja huo mwezi wa kumi?"

"Ni miezi mitano. Ugonjwa huu haujaalikwa harusini, na hautangoja iishe. Ningekuwa mimi, ningeanza wiki ijayo."

Nyayo zikasikika koridoni. Mwanamke akavuta kitambaa chini zaidi. Zikakaribia, zikapita, na mlango wa pili ukafungwa.

"Akija mwenyewe," aliuliza haraka, "akisema anataka kutibiwa, mume anaweza kumzuia?"

"Hawezi. Mwili ni wake na saini ni yake." Daktari akatoa fomu kwenye droo. "Akitia saini hapa leo, Jumatatu naanza. Lakini ataombaje dawa ya ugonjwa asioujua?"

"Nipe hiyo fomu."

"Utamwambia wewe?" Daktari alisita huku ameishika. "Basi polepole. Hakikisha ameketi. Kuna waliozimia kwenye kiti hicho hicho ulichokalia, tena walikuwa jamaa tu."

"Nipe, daktari."

Akampa. Mwanamke hakuikunja kuitia mkobani. Aliilaza mezani, akaisoma mstari kwa mstari, midomo ikichezacheza kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Akauliza maana ya maneno mawili, akaelezwa. Akaomba kalamu, akaanza kuandika mahali pa saini.

"Aa, dada, ngoja!" Daktari akanyoosha mkono amzuie. "Hapo jamaa hatii saini. Hapo ni pa mgonjwa mwenyewe."

"Najua," alisema Hulkar.