Chai ya Mkaguzi wa Mvua

Mtaani kwetu hakuna aijuaye sheria ya mvua kama mimi. Ndiyo maana nimefungiwa bomba mara mbili. Ya tatu ni kukatiwa kabisa. Mvua yote ni ya jiji, na kuikinga ni kosa: hushuka mtaroni, husafishwa, hurudi bombani haina ladha hata chembe.

Juzi akaja Masudi, mkaguzi.

"Bibi, umekinga mvua?"

"Mimi? Astaghfirullahi!"

Mgeni hanyimwi chai, na birika langu ni moja tu. Nikamimina.

"Wewe je, mjukuu wangu, umewahi kuionja mvua?"

"Naapa, sijawahi."

Akapiga funda, akafumba macho. "Bibi, hii ni mvua ya paa la bati lenye kutu. Ya vigae ni tamu zaidi."

"Umejuaje?"