Sogea Kidogo

Kwa miaka miwili watafiti wa vyuo vikuu viwili waliipima nyumba yangu, wakisifia ngazi ya mbao na dari la kale. Kila walipotaka kupiga picha, waliniambia, "Bibi, samahani, sogea kidogo." Nami nikasogea, mimi na sufuria zangu na nguo zangu za kwenye kamba.

Leo afisa wa manispaa amekuja na kitabu chao, kizito kama tofali. Akanisomea: "Nyumba hii haikaliwi na mtu. Inafaa kuwa makumbusho."

"Haikaliwi? Kwani mimi popo?"

Hakucheka. Nilikuwa nimesimama kizingitini, naye ameshika kufuli jipya, bado lina mafuta ya dukani.

"Bibi, samahani," akasema. "Sogea kidogo."