Muuaji Aliyefutwa

Muuaji alipotea Jumanne, kitabu kikiwa kinakaribia kwenda kuchapwa.

Aliyempoteza ni Rozina mwenyewe, mwandishi. Alimfuta huku analia, na yote sababu ya simu ya shangazi yake Cornelia kutoka Matai. Shangazi ndiye aliyemlea. Ndiye aliyepika pombe ya ulezi akauza mpaka Rozina akamaliza chuo. Sasa jirani mmoja mbea alikuwa kaipata nakala ya mswada, kamsomea riwaya yote.

"Huyu mama mpika pombe, mwenye mwanya na kitenge cha njano, anayemwekea mumewe sumu, ni mimi," shangazi alisema. Hakuwa anauliza.

"Shikamoo shangazi."

"Shikamoo yako baki nayo. Mimi wa kukamatwa na mgambo mbele ya kijiji kizima? Umeniaibisha, Rozi. Kwenye uzinduzi wako usinitegemee."

Nyuma yake mumewe, mzee Gaudensi, alisikika anacheka mpaka anakohoa. Yeye kuuawa kitabuni hakukumuuma hata kidogo.

Basi Rozina akafuta. Kikabaki kitabu chenye maiti, machozi na mazishi, ila aliyeua hayupo. Akakibeba hivyo hivyo mpaka kwa dada Hasna, mhariri, ghorofani juu ya duka la vitenge pale Majengo. Zamani Rozina alikuwa anasema mhariri wa nini wakati kasoma chuo. Siku hiyo alipanda zile ngazi kama mgonjwa.

Hasna akasoma, akanywa chai, akasoma tena.

"Huyu mzee kafa na nini? Kachoka tu?"

Rozina akatoa nakala ya zamani, yenye muuaji, akamweleza yote. Hasna akaipitia, akaguna.

"Hivi huku Ufipa mpika pombe haonji kwanza mbele ya watu?"

"Anaonja."

"Wako haonji. Anatia sumu kwenye chungu, anamkaribisha mume, anakaa kusubiri mgambo. Hata mimi nisiyegusa pombe nimemshtukia ukurasa wa kwanza. Niachie kitabu. Na namba ya shangazi niachie."

"Dada Hasna, atakutukana."

"Nafanya kazi na waandishi, mdogo wangu. Nimezoea."

Muuaji akarudi. Mwanya ule ule, kitenge kile kile cha njano. Ila sasa alionja pombe mbele za watu, akalamba midomo, na sumu alikuwa kaipaka ndani ya mrija wa mumewe, maana chungu ni cha wote ila kila mnywaji ana mrija wake. Mgambo hawakumgusa. Ukurasa wa mwisho yeye ndiye anaongoza nyimbo msibani.

Rozina alipokisoma, akakifunga haraka. Hiki kilikuwa kibaya kwa shangazi kuliko cha kwanza. Hasna akamwambia neno moja tu: "Chapa."

Siku ya uzinduzi, ukumbi wa Katandala umejaa, vyungu vya pombe na mirija vimepangwa, likasimama lori kutoka Matai. Akashuka shangazi. Kitenge cha njano, kitabu kwapani, uso kaukunja. Watu wakampisha. Mzee Gaudensi akajipenyeza mpaka kwenye chungu cha karibu, akashika mrija, akaanza kunywa. Shangazi akanyoosha moja kwa moja mpaka kwa Rozina.

"Shangazi, naomba unisamehe."

"Nikusamehe ndiyo, maana mara ya kwanza ulinifanya nikamatwe kama kuku. Mimi, na upishi wangu wote huu, nishindwe kuua mtu mmoja? Watu wa Matai wangenionaje?" Akamtazama Hasna kwa upendo. "Huyu dada ndiye ana akili. Alinipigia simu, akaniuliza kistaarabu: mama, ingekuwa wewe, ungefanyaje?"

Akavuta kiti cha mwandishi, akakaa, akachukua kalamu, akamwita wa kwanza kwenye foleni aje asainiwe kitabu chake.

"Mrija," alisema huku anasaini, "niliufikiria zamani sana."

Pale pembeni, mzee Gaudensi akautoa mrija mdomoni, taratibu.