Bahari ya Kilima cha Itumba

Mzee Matonya alililamba jiwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, akatema pembeni, akatangaza:

"Bahari."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti, Deusdedit, akagonga meza. Aliyecheka kuliko wote ni Anthony, mwakilishi wa kampuni ya kokoto iliyokuja kuomba kilima cha Itumba.

"Mzee wangu, bahari Chamwino? Hapa hata mvua inakuja kwa mwaliko!"

Matonya hakucheka. Chini ya kilima kile ndipo ilipotoka chemchemi, maji pekee ya kijiji kuanzia Julai hadi mvua za Desemba. Kilima kikisagwa, kijiji kinahama. Na yeye alishahamishwa mara moja, mwaka sabini na moja, akiwa mtoto juu ya lori, na kuku wawili mapajani. Tarehe anaikumbuka. Jina la dereva analikumbuka. Matonya alizitunza tarehe za dhuluma kama wenzake walivyofuga mbuzi: alizihesabu kila jioni, na hakuna hata moja iliyowahi kumpa maziwa.

Miaka thelathini alikuwa akipinga. Alipinga pampu ya maji iliyobaki ahadi tu, alipinga ushuru wa karanga, alipinga choo cha shule kilichoelekea mlango wa kanisa. Alishinda mara moja tu, vita vya choo, na hapo ni kwa sababu kilianguka chenyewe.

Safari hii alikuwa na sayansi. Kitabu cha jiografia alichonunua soko la Majengo kilianza ukurasa wa thelathini na moja, kikaishia wa tisini. Kurasa nyingine muuzaji alishazitumia kuwafungia watu karanga. Kwa kurasa hizo sitini Matonya alijivika utaalamu. Bahari yenyewe hajawahi kuitia machoni. Aliifanyia majaribio uani, kwenye beseni la kufulia, mchanga chini na maji juu, akiliyumbisha huku na huku, hadi mkewe Evodia akaita majirani: "Njooni muone! Mwenzenu anabembeleza beseni lilale!"

Sasa alipitisha kidole juu ya jiwe lililojaa makunyanzi.

"Maji ya mto yanakwenda upande mmoja. Yakikunja mchanga, mkunjo unakuwa na mteremko mrefu huku, mfupi kule. Mawimbi yanakwenda na kurudi, kwa hiyo mkunjo wake unalingana pande zote. Haya, njoo utazame, wewe unayecheka. Umelingana au haujalingana?"

Anthony alitazama. "Umelingana," alisema. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hapa palikuwa ufukweni, kabla ya babu wa babu yako, kabla hata ya mbu. Na hili si jiwe la kokoto. Ni mchanga ulioshikana."

Akagonganisha vipande viwili. Vikamomonyoka, mchanga mweupe ukamwagika miguuni mwake.

"Jengeni barabara kwa hii, mvua ya kwanza itaifikisha bwawa la Mtera! Na humo katikati ya punje ndimo yanamokaa maji ya chemchemi yetu."

Kicheko kilikoma. Fundi aliyefuatana na Anthony aliokota kipande, akakivunja kwa vidole, akamnong'oneza bosi wake.

Nyuma ya watu alisimama mwanamke wa miaka thelathini hivi, buti zimejaa vumbi. Jina lake Shamila. Alikuwa amefika asubuhi ile, kabla ya mkutano, akamwamkia Matonya shikamoo, akamwomba amtembeze kilimani. Matonya, ambaye aliwahi kumdai kitambulisho hata mchanja kuku, kwa huyu alisahau. Asisahau vipi? Katika miaka thelathini, hakuna mtu aliyewahi kumwambia, "Endelea, baba."

"Hili tabaka jeupe linaishia wapi, baba?" aliuliza kule juu.

"Hatua mia nne, mwanangu. Nimezipima kwa miguu hii. Kina chake watu watatu wakibebana mabegani."

"Na halina udongo kabisa?"

"Udongo utoke wapi? Mawimbi yalifua hapa miaka na miaka! Udongo wote ulichukuliwa kilindini, zikabaki punje tupu, nyeupe kama chumvi."

Shamila aliandika kila neno, akajaza mchanga kwenye vifuko vitano. "Nikuandike kama nani?"

Matonya alikohoa kidogo. "Andika mtaalamu wa miamba."

Akatia sahihi kila ukurasa. Yeye aliyekuwa akiwahubiria wanakijiji wasitie sahihi karatasi wasiyoisoma, hakusoma. Maneno yake mwenyewe, asome ya nini?

Mkutanoni, Anthony alisimama, akajifuta jasho. "Kampuni inaondoa ombi. Jiwe halitufai."

Mikono ikainuka yote kuridhia. Deusdedit akaandika kwenye muhtasari. Evodia akapiga vigelegele vya kumtoa ng'ombe zizini, kisha akamwambia jirani, "Si nilisema? Mume wangu ana akili, ila zinachelewa kufika."

Matonya alitafuta hasira yake asiione. Alijihisi kama mtu aliyeng'olewa jino, ulimi ukawa unazunguka pale palipokuwa pakiuma.

Shamila alipenya katikati ya watu, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Hongera, baba. Wale wangetuharibia kabisa." Halafu akamgeukia mwenyekiti, akamkabidhi barua yenye mhuri, na nyuma yake kurasa zote zilizosainiwa na mtaalamu.

"Sisi ni wa kiwanda cha vioo," alisema. "Miaka miwili tunatafuta mchanga uliofuliwa na mawimbi namna hii. Tutaanzia pale juu ya chemchemi."