Nyumba ya Mpakani

"Utumbo huu ni wako, usinifanye kipofu," Mama Kreti alisema, akiunyooshea ncha ya kandambili. "Nani mwingine hapa ana matumbo ya ng'ombe? Mimi nauza soda."

"Unauza soda na maneno," Bwana Bucha akamjibu kutoka upande wa pili, mikono kiunoni, aproni imeganda damu ya jana. "Na hayo maji ya shimo la choo chako? Nayo ni ya ng'ombe?"

Katikati yao, mlangoni pake mwenyewe, Mwalimu alisimama na mkoba wa shule begani, leso puani. Utumbo ulikuwa umemwagwa juu ya kizingiti chake. Maji ya choo yalikuwa yametuama chini ya kizingiti hichohicho. Funza weupe, wanene, walikuwa safarini kutoka huku kwenda kule, hawana habari na ugomvi wa wenye mali.

Aliuruka uchafu, akaenda kazini bila kunywa chai. Chai yenyewe ingeshuka vipi?

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili na kiua cha kuanikia nguo, aliyoachiwa na marehemu mama yake. Kushoto bucha, kulia ghala la soda. Wote wawili walikuwa wameshamwendea, kila mtu kwa siri yake: niuzie mimi, usimuuzie yule. Akawakatalia wote. Hapo ndipo walipoanza kugombana, na Mwalimu aliona ni mambo ya wivu tu, wakubwa wawili wanagombea mfupa mmoja.

Darasani aliweka mezani tufe lake la dunia, alilolinunua mwenyewe alipoanza kazi, akalizungusha kwa kidole.

"Mataifa makubwa hayapendi kupigania nyumbani kwao," alisema. "Yatavunjiana vyombo? Vita vyao yanavipeleka kwenye nchi ndogo iliyo katikati."

"Sasa hiyo nchi ndogo ifanye nini?" akauliza msichana wa dawati la mbele.

"Isifungamane na upande wowote. Ikizidiwa, ichague aliye afadhali."

Kisha akaingia kwenye mabamba ya ardhi, yale mapande makubwa ya mwamba yanayobeba mabara na bahari. "Mabamba mawili yakisukumana, anayetikiswa sana ni nani?"

"Anayekaa mpakani," darasa likajibu kwa pamoja.

Msichana wa mbele alikuwa amejiziba pua kwa kola ya sare, anavuta dawati nyuma taratibu, kwa adabu. Mwalimu akatazama chini. Kipande cha utumbo kilikuwa kimenasa kwenye soli ya kiatu chake.

Fundi viatu wa pale kwenye kona ndiye aliyekibandua, kwa msumari, uso ameugeuzia pembeni.

"Lakini Mwalimu, ulipokwenda likizo kwa dada yako, mtaa ulikuwa safi kabisa," alisema. "Hata kukohoa, hao majirani zako hawakukohoa. Umeshusha begi tu, wakaanza."

"Wanataka refa," Mwalimu akasema, na wote wawili wakacheka.

Jioni ile alimkuta Mama Kreti amepiga magoti kizingitini, ana ndoo na brashi, anasugua. Macho mekundu.

"Mwanamke mwenzangu, nimekuonea aibu," alisema. "Yule si mtu, ni mnyama. Atatuzika kwa uvundo wake mimi na wewe." Akakamua dekio. Maji meusi yakamchuruzika mpaka kwenye viwiko. "Ukiniuzia mimi, angalau nitamzibia njia. Bei yangu ndogo, sikufichi. Lakini nani mwingine atainunua nyumba inayonuka hivi?"

Mwalimu alitazama ile mikono. Katika miezi yote ile hakuna aliyewahi kumwinamia na brashi. Akakumbuka alichowaambia watoto asubuhi: aliye afadhali.

Wiki hiyohiyo wakatia saini kwa wakili. Bei ilikuwa ya kusikitisha, lakini Mwalimu alilala usingizi mzito kwenye chumba chake kipya cha kupanga karibu na shule, akiufikiria uso wa Bwana Bucha atakapoletewa habari. Kweli angependa kuwepo.

Jumapili akakumbuka kwamba tufe lake alilisahau juu ya kabati la ukutani kwenye nyumba ile, akarudi kulichukua. Ilikuwa mchana wa saa ya kula. Kizingiti kilikuwa kinang'aa, kinanukia sabuni. Hakuna nzi. Hakuna tone la maji ya choo. Haya, Mama Kreti amemtia adabu yule mtu, alijisemea, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akavuta pumzi pale mlangoni bila leso.

Mlango ulikuwa wazi.

Ukuta wa kushoto ulikuwa umetobolewa tundu la ukubwa wa mlango, na upande wa pili mapaja ya ng'ombe yananing'inia kwenye kulabu zake. Ukuta wa kulia nao umetobolewa, kreti za soda zimeshaanza kuingia. Katikati, pale kilipokuwa kitanda cha mama yake, mkeka umetandikwa, na juu yake sinia moja la nyama. Mikono miwili ilikuwa inakutana ndani ya mchuzi. Tufe lake lilikuwa limepasuliwa mapande mawili, kila mmoja amejiwekea lake pembeni, anatemea mifupa humo.

Mama Kreti alilamba mafuta kwenye kidole gumba, akainua macho.

"Bwana Bucha, hebu sogea kidogo, mpishe," alisema. "Mwalimu, mbona umesimama mlangoni kama mgeni? Ingia ndani, tule."