Mfuko wa Suruali

Fundi cherehani hakati suruali ya mtu kabla ya kupekua mifuko. Ya mteja huyu mgeni, aliyetaka ipunguzwe urefu huku akisubiri, ilikuwa na karatasi.

Fundi akaikunjua chini ya meza. Ilikuwa nakala ya orodha yake mwenyewe: majirani arobaini na mmoja waliotia saini kulalamikia moshi wa kiwanda cha kuyeyusha betri, unaowakohoza watoto mtaa mzima. Juzi aliipeleka ofisi ya mazingira kwa mkono wake, akaahidiwa itakuwa siri.

Majina tisa yalikuwa yamezungushiwa wino mwekundu. Wote walikuwa wahamiaji kama yeye, ila wao hawana vibali. Wa kwanza alikuwa mama wa mapacha, wa nyumba ya nyuma.

Akairudisha karatasi mfukoni taratibu, akamgeukia wifi yake aliyekuwa akipiga pasi.

"Wifi, hebu nenda kwa mama mapacha. Mwambie gauni lake tayari, alifuate sasa hivi."

"Gauni gani tena?"

"Nenda tu, wifi yangu."

Mteja akakunja nne kwenye benchi.

"Kaa tu, dada," akamwambia wifi kwa upole. "Kule ndiko tulikoanzia."