Vidole vya Ritani

"Hajawahi kufungwa," mke wa Ritani alikuwa akijifunza kusema mbele ya kioo cha bafuni. "Hajawahi kabisa."

Mwanzoni sauti ilikwaruza. Baadaye ikatoka laini, mpaka akajiogopa mwenyewe.

Mumewe aliwajazia watu ritani za kodi kwenye kompyuta, ndiyo maana mtaa mzima ulimpa jina hilo. Sasa serikali ilikuwa ikiwachunguza wote wanaotuma ritani za wateja kwa mtandao. Walikuwa wakichukuliwa alama za vidole, na wake zao wakihojiwa nyumbani. Aliyewahi kufungwa hapati kibali. Na bila kibali, familia ingekula nini?

Habari zilimfikia mke kwamba Ritani amefungwa miaka miwili, katika mji wa mbali humuhumu nchini alikokwenda kutafuta kazi. "Usije kuniona," alimwambia mkewe kwa simu, "nitakufa kwa aibu." Basi hakwenda. Alifua nguo za watu, akawaambia watoto baba yuko masomoni, akafunika kombe mwanaharamu apite. Mume aliporudi amenawiri, mashavu yamejaa, mkewe alimshukuru Mungu kwamba huko angalau walimlisha.

"Umewaandikia nini?" mke alimuuliza asubuhi ya kuhojiwa.

"Kwamba sijawahi kufungwa."

"Na wakigundua?"

"Watagundua nini, mama watoto? Wewe sema hivyohivyo, basi." Alikuwa akipiga viatu rangi huku akipiga mluzi. Mkewe alimwonea gere kwa moyo wake mgumu.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye mkoba mzito. Alipokwisha kuketi akamgeukia mke.

"Mama, mumeo amewahi kufungwa?"

"Hajawahi," akasema. "Hajawahi kabisa." Kimoyomoyo akamwomba Mungu msamaha.

Afisa akatabasamu. "Nasi tumeona hivyo. Alama zake tumezipitisha mahakama zote na magereza yote ya nchi hii. Kibali atapata."

"Magereza yote?"

"Yote, mama. Vidole havidanganyi. Mumeo hajalala gerezani hata usiku mmoja."

Mke akageuka polepole kumtazama mumewe. Afisa akachukua mkoba, akainuka kuaga.

"Kaa kidogo, dada," Ritani akamsihi, jasho likimtoka. "Tafadhali. Kaa hata unywe chai."